Ikisiri ya Kijana L.

Jumatatu, 9 Januari 2023

Vumbi la jangwani limeingia mpaka kwenye kibodi. Nimepangusa mara tatu, herufi bado zinakwama.

Tangazo limetoka — mkutano wa sheria ya kimataifa, Accra, mwezi wa saba. Wanaalika majopo. Watoa mada watatu au wanne, nchi zisizopungua mbili, ikisiri ya maneno mia tatu kwa kila makala. Mwisho wa kupokea ni tarehe 20. Siku kumi na moja!

Nimelichapa, nikaingia nalo ofisini kwa Faye. Tunafundisha sheria chuo kimoja mwaka wa sita huu. Akalisoma, akanitazama juu ya miwani. "Mtumwa wangu leo kaamka na akili. Wali umewaishia nyumbani?" Yeye Mserer, mimi Mjola, watani tangu mababu. Nikamwambia aliyemnunua bibi yake ni babu yangu, kwa debe moja la mpunga, na tangu siku ile tunajuta hasara. Tukacheka. Halafu tukakaa kufanya kazi.

Jopo letu: maiti za baharini. Vijana wanaozama njiani kwenda Ulaya na kuzikwa huko kwa herufi na namba. Je, sheria inazilazimisha nchi kuwatafutia majina? Hiyo ni makala yangu. Faye ataandika haki ya familia kujua. Wa tatu tutamwomba Idaira Perdomo, daktari wa maiti huko Visiwa vya Kanari. Faye aliwahi kumkusanyia mate ya familia za mji wa Barra kwa ajili ya vipimo vya DNA.

Jina la mdogo wangu Landing halikutajwa. Tulilizunguka wote wawili kama shimo barabarani.

Jumatano, 11 Januari

Brikama, kwa Mama. Domoda, wali na mchuzi wa karanga. Watu wanne, bakuli moja, na upande wa Landing haukuguswa. Kila mtu anakula mbele yake. Pale mbele ya nafasi ya mdogo wangu wali unabaki ulivyopakuliwa, mpaka mwisho, ndipo Mama anaufunika kwa sahani. Ukipeleka mkono kule kwa kujisahau anakuchapa vidole. Miaka mitano na miezi mitatu. Jioni wanaofaidi ni kuku, na hilo halisemwi.

Hatujasoma hitima. Hatujatoa sadaka. Imamu alikuja mwaka wa pili, akaja tena mwaka wa nne. Mama alimpa maji, akamuuliza habari za mbuzi wake, akamsindikiza mpaka mlangoni. Kuna sheikh mpiga ramli huko Foni aliyemwona Landing kwenye mchanga, ndani ya nyumba yenye milango mingi. Jela, anasema Mama. Mtu wa jela hutoka.

Kaniuliza ninaandika nini siku hizi. Nikasema naandaa mkutano, wa sheria za bahari. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuchambua samaki. "Vizuri. Wakumbushe."

Sikuuliza niwakumbushe nini. Nilikuwa na haraka ya kuondoka, na nilijua kwamba nina haraka.

Alhamisi, 12 Januari

Asubuhi nzima kwa sentensi moja. Ikisiri nzuri huanza na mtu, si na kifungu cha sheria. Ndivyo ninavyowafundisha wanafunzi. Basi nikaandika:

"Kijana L., miaka ishirini na miwili, alikufa baharini mnamo Oktoba 2017. Hadi leo hakuna nchi iliyojitokeza kumtambua."

Alikufa. Nimeliandika mimi. Katika ukoo wetu mzima hakuna aliyewahi kulitamka, hata wajomba wakigombana. Nimelitazama mpaka kioo kikajizima.

Halafu nikasikia ndala ukumbini. Zile za Landing — mguu wa kushoto unaburuta kidogo, tangu alipovunjika kifundo akicheza mpira. Zikaja mpaka mlangoni kwangu zikasimama. Nilifungua. Mfagiaji alikuwa mwisho kabisa wa ukumbi, na alikuwa amevaa raba.

Jumamosi, 14 Januari

Faye amesoma ikisiri. "Maneno mia tatu na kumi na mbili. Mjola kuhesabu hajui, kazi yake kumeza tu." Kisha akafika kwenye sentensi ya kwanza. Akavua miwani. Akauliza, taratibu, kama ninataka iende hivyo. Nikasema ndiyo. Hakunitania tena mpaka naondoka, na hilo lilinitisha kuliko lolote ambalo angesema.

Kitu kingine. Masharti yanasema ikisiri isiwe na jina wala kitu kinachoweza kumfichua mwandishi, ili waamuzi wasijue ni ya nani. Nilikuwa nimeandika Brikama — nimefuta. Nilikuwa nimeandika "ndugu wa mwandishi" — nimefuta. Makala yangu yote inadai maiti wapewe majina, na fomu inanitaka niyaondoe! Imebaki L. peke yake. Nimemvua mdogo wangu kila kitu nikamwachia herufi moja, kama wale waliomzika. Kama wamemzika.

Nikafungua simu nisikilize ule ujumbe wake wa sauti, sekunde kumi na moja. "Ara, mwambie Mama asinipakulie wali mwingi, nitachelewa." Juu ya namba yake kuna picha mpya. Kitoto kichanga kimevishwa kofia ya sufu. Kampuni ya simu imemuuzia mtu mwingine namba. Leo, kwa mara ya kwanza tangu 2017, Landing yupo hewani. Yupo hewani, anaandika kwa watu wake, na si yeye!

Jumatatu, 16 Januari

Ikisiri ya Idaira imefika, pamoja na jedwali. Maiti arobaini na moja wasiojulikana katika makaburi ya kisiwa chake. Nililipitia kwa kazi tu, nikihesabu maneno, nikitafuta makosa. Mstari wa thelathini na moja:

C-31. Mwanamume, miaka 18–25. Aliokotwa Novemba 2017. Fulana ya michezo ya njano, picha ya mamba kifuani. Namba ya mgongoni imefutika, limebaki duara.

Timu ya mtaa wetu ilichapisha fulana za njano zenye mamba, kwa ligi ya masika ya mwaka ule. Ishirini na mbili. Landing alikuwa namba nane.

Lakini duara liko kwenye nane, na kwenye sita, na tisa, na kumi. Na vijana watatu wa timu ile waliondoka kwa mtumbwi mmoja. Na fulana huazimwa, huuzwa, huibwa. Nimeandika sababu zote hizi kwenye karatasi, moja chini ya nyingine, kama ninavyomtetea mteja. Zimefika tisa. Hakuna hata moja iliyonituliza.

Jumanne, 17 Januari

Sikwenda kazini. Nimesema nina malaria.

Nimezungumza na Idaira kwa video. Ana mvi, ana sauti ya mtu wa kawaida, nyuma yake kuna mmea unaokauka. Nikamwambia. Hakushtuka, hakusema pole kwa haraka. Akaniuliza kama nimekaa. Akasema, Daktari Aramata, sitaki kukuumiza na sitaki kukudanganya. Fulana si mtu. Akaniuliza kama mama yupo hai. Mate yangu mimi yanaweza kusaidia kidogo, lakini ya mama ndiyo yanayotoa jibu lisilo na shaka. Na kwa sheria ya kwao kaburi halifunguliwi mpaka mzazi aliye hai atie saini.

Mzazi aliye hai. Mama, ambaye hata neno "marehemu" likisemwa redioni anapunguza sauti.

Kisha Idaira akasema, na najua alisema kwa nia njema, kwamba ikitokea hivyo jopo litakuwa na kesi moja iliyofika mwisho. Na mimi — naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma — mimi nilishalifikiria hilo kabla yake. Nililifikiria jana, dakika ileile nilipouona mstari wa thelathini na moja. Kabla ya kulia! Niliwaza: hii sasa ni makala. Namwogopa mtu aliyewaza hivyo.

Alhamisi, 19 Januari

Nimekaa na ikisiri siku nzima. Kesho ndiyo mwisho. Kuitoa ile sentensi ya kwanza au kuiacha.

Basi niandike na lile lingine, maana limekaa kooni muda mrefu.

Septemba 2017. Barazani kwa Mama. Landing anapika attaya, chai yetu ya povu, duru ya pili. Mimi ndio nimerudi na shahada ya pili, nimejaa sheria mpaka masikioni. Akauliza kama anayetania: dada, ukizama, meli ikipita karibu, ina ruhusa kukuacha? Nikasema haina. Kila nahodha lazima amwokoe aliye hatarini. Akauliza, hata kama huna karatasi? Hata kama huna nguo, nikamjibu. Nikamtajia mkataba, nikamtajia na kifungu. Akacheka, akamimina duru ya tatu kutoka juu mpaka povu likapanda. "Kwa hiyo wataniokoa tu." Nikasema lazima.

Siku kumi na mbili baadaye alimwambia Mama anakwenda Banjul kutengeneza simu.

Hili ndilo kosa letu sisi tuliosoma sheria. Kitu kikishaandikwa na kutiwa saini na nchi mia moja na zaidi, tunaona kama kimekwisha kufanyika. Hatuulizi ni nani atageuza usukani. Mvulana wa mtaani angemjibu: usithubutu, hawajali. Mimi nilimjibu kwa kifungu. Sijamwambia Mama. Sijamwambia Faye. Kila makala niliyochapisha tangu hapo, kila moja, nimekuwa nikijaribu kuifanya sheria ile iwe kweli baada ya kuchelewa.

Leo mchana zile ndala zilikuja tena. Sikufungua mlango. Nilisema tu, kwa sauti, "Landing, ngoja nimalize." Mwanafunzi aliyekuja kuchukua insha yake alinitazama vibaya.

Ijumaa, 20 Januari

Tumetuma. Sentensi imebaki. Tovuti imejibu kwa kijani: Jopo lenu limepokelewa, namba 114. Asante kwa mchango wenu.

Jumanne, 24 Januari

Nimemwambia Faye habari za C-31. Ile ya barazani bado.

Akaenda kwenye kabati lake, akatoa boksi. Vijiti vyenye pamba vilivyobaki tangu Barra, kila kimoja na bahasha yake na fomu ya ridhaa. Nikamwambia Mama hatakubali. Kwangu mimi atainuka tu aende jikoni, namjua. Faye akasema, "Kwako wewe. Mimi simwombi, mimi namdai. Yule ni mtumwa wangu mkubwa."

Na ni kweli. Mtani hanyimwi. Akiingia akasema kofia hii yangu, unampa, kisha unamtukana. Nikamuuliza kama si dhambi kuutumia utani kwa jambo kama hili. Alifikiri. Akasema watani waliwekwa kwa mambo kama haya. Kwa mzaha wa kawaida tungetosheka na marafiki.

Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa natamani Mama akatae. Nilikuwa natamani akubali.

Jumamosi, 28 Januari

Naandikia chumbani kwa Mama, kwenye kitanda chake. Wapo uani, wananisubiri. Mwandiko utakuwa mbaya.

Tulifika saa saba. Faye alianza kelele tangu getini. "Mtumwa wangu Mama Landing yupo? Nimekuja kuchukua mpunga wangu." Na Mama — sijamwona hivi miaka mingi — alisimama akafunika sufuria kwa mikono miwili. "Nani kamfungulia Mserer? Binti yangu, hukuona kwamba umeongozana na nzige?" Faye akasema amesikia hapa kuna wali wa wizi. Mama akasema wizi wa kwanza ni wake, maana bibi yake na bibi yetu walipopasukiwa na mtumbwi, yule wa kwao alielea na chungu hadi kaskazini na hajakirudisha mpaka leo. Faye akasema chungu chenyewe kilikuwa kimetoboka, cha Kijola.

Walicheka mpaka Mama akashika ubavu. Mimi nilikuwa nikicheka huku nimelishika begi lenye boksi.

Chakula kikaja. Faye akakaa. Alikaa pale. Upande ule! Sikuwahi kumwambia, haya ya bakuli nilimwonea aibu. Nikafungua mdomo nimzuie na mkono wake ulikuwa umeshaingia kwenye wali. Mama akautazama ule mkono. Nilidhani atamchapa. Akasema, polepole, "Kula. Mtani hana pa kukatazwa." Akageuza uso akaita kuku ambao hawakuwapo.

Faye akaelewa, nadhani, kwa sababu alikula kidogo na kwa adabu kuliko nilivyowahi kumwona.

Tuliponawa, akasema. "Mama, nina deni kwako. Nataka mate yako."

"Wali haukutosha, sasa unataka na mate. Waserer mna njaa gani?"

Hakumjibu kwa utani. Akamweleza. Kwamba huko visiwani kuna daktari mwanamke, kuna vijana waliozikwa bila majina, kuna fulana ya njano. Hakuficha duara, hakuficha kwamba huenda si yeye. Alitumia maneno machache. Mama alisikiliza huku akikunja na kukunjua ncha ya kitenge.

Kisha akamuuliza: "Mtani hukimbilia penye msiba. Wewe umekuja kwenye msiba?"

"Sijui, Mama. Nimekuja ili tujue."

Jirani alikuwa akitwanga. Nikawaza, sasa atainuka aende jikoni.

Hakuinuka. Akasema, akimwambia Faye, lakini akinitazama mimi:

"Watu mnadhani namngoja kwa sababu ya sheikh wa mchanga. Sheikh yule hata mbuzi wake mwenyewe hamwoni. Asubuhi ile Landing aliniaga. Ile ya Banjul na simu ni maneno niliyowapa nyinyi. Mimi aliniambia ukweli. Nikalia, nikamshika nguo. Akaniambia, Mama, acha, Ara ameisoma sheria yote. Nimemuuliza. Wakituona majini lazima watuokoe, hawana ruhusa ya kutuacha. Nikamwachia nguo."

Alijua. Miaka yote hii alijua, na alikuwa akinipakulia chakula.

"Sina elimu," akasema. "Mtoto wangu mmoja alinipa neno la mtoto wangu mwingine, nikalikalia. Sasa, Ara. Usinifiche kama mtoto. Sheria ile ipo, au uliisema tu kumfurahisha mdogo wako?"

Nikasema ipo, Mama.

"Imeandikwa?"

Imeandikwa.

"Na wale wenye visiwa wanaijua?"

Wametia saini.

"Basi walimwokoa," akasema, "na huyo wa fulana ni wa mtu mwingine, Mungu amrehemu, na mate yangu yanabaki kinywani mwangu." Akaikunja tena ncha ya kitenge. "Au kuna jambo jingine unalijua. Kama lipo, liseme wewe. Simtaki mtani aniambie, simtaki daktari. Uliyenipa lile neno ni wewe. Ukilichukua, nitafungua kinywa, na saini nitatia."

Faye alikuwa anatazama chini. Nikasema naleta fomu, nikaingia huku ndani. Fomu ninayo kwenye begi, na begi lipo begani.

Mbele ya wajumbe wa Accra nitasimama dakika ishirini nieleze kwamba wajibu upo na kwamba haukutimizwa. Ni rahisi, nimeshaipanga, ina aya nne. Kwa Mama ni kusema kwamba meli ilipita. Kwamba huenda zilipita nyingi. Kwamba niliyajua hayo hata siku ile barazani — takwimu nilikuwa nimezisoma, zilikuwa kwenye tasnifu yangu, ukurasa wa sitini na kitu — na sikumwambia, kwa sababu kifungu kilikuwa kizuri na mdogo wangu alikuwa ananitazama kwa fahari.

Nje Faye amejaribu mzaha mmoja. Mama amemkatiza.

Sasa ananiita. Haniiti kwa hasira. Anasema, "Ara, njoo, mwanangu, njoo tu useme," kama alivyokuwa akituita tukivunja kitu, na mimi nafunga daftari, natoka nikamwambie kwamba meli ilipita.